Datsun 240Z Uwanjani: Kila Badiliko Huhamisha Udhaifu

Pasaka ya mwaka 1971, Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilimaliza Safari Rally ikiwa ya kwanza, na nyuma yake ikaingia nyingine ya aina ileile, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka huohuo huko Marekani, John Morton, dereva wa timu ya BRE ya California, alitwaa na 240Z kwa mara ya pili mfululizo ubingwa wa chama cha SCCA katika daraja la C Production, mbio za lami tupu, kwenye uwanja wa Road Atlanta. Magari hayo yalitoka kiwanda kimoja na yalikuwa na injini ya ukoo mmoja. Lakini fundi angeyaweka kwenye gereji moja, angeona kazi mbili zinazopingana karibu kwa kila bolti. La Safari lilikingwa tumboni kwa bati nene, likabebeshwa taa na matairi ya akiba, likaachiwa nafasi ya kutosha kati ya sakafu na mawe. La Road Atlanta lilishushwa hadi likakaribia kulamba lami, likavuliwa viti, mazulia na kila kisichosaidia kupunguza muda wa mzunguko.

Ninaanza na magari hayo mawili kwa sababu yanaonyesha vizuri jambo ambalo mazungumzo ya magari ya kale hulipita haraka. Mtu akisema amelitengeneza gari lake la zamani kwa ajili ya mbio, wasikilizaji huuliza farasi ni wangapi. Injini ndiyo inayonguruma, ndiyo inayopigwa picha boneti ikifunguliwa, na ndiyo inayomeza fedha za kwanza. Ukifuatilia yaliyowapata waliozipeleka Z uwanjani tangu 1970 hadi leo, unakuta mantiki nyingine kabisa. Sehemu moja ikiimarishwa, mzigo uliokuwa ukiishia pale unasogea kwa jirani yake, na huyo jirani ndiye atakayevunjika wiki ijayo. Anayeuelewa mnyororo huo hupata gari linalomaliza mbio. Asiyeuelewa hupata injini nzuri iliyokaa kwenye gari linalorudi nyumbani juu ya lori.

Tuliangalie gari lenyewe kwanza. Lilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mwaka uliofuata likaanza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526, bei ambayo wapinzani wake wa Ulaya hawakuweza kuikaribia kwa ubora ule. Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya Nissan Marekani, alilipigania kwa sababu alijua wateja wake walitaka gari la michezo linalowaka kila asubuhi. Chini ya boneti ndefu kulikuwa na injini ya L24: silinda 6 zilizopangwa kwa mstari, ujazo wa sentimita 2,393, hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, kabureta mbili, na farasi 151 kwa kipimo cha Kimarekani cha siku zile, kilichokuwa kikipima injini kabla haijabebeshwa vifaa vyake vyote. Suspensheni ilikuwa huru kwa magurudumu yote manne. Breki za mbele zilikuwa za diski, za nyuma za ngoma. Rimu za inchi 14 zilikuwa na upana wa inchi 4 na nusu tu, zikivalishwa matairi ya 175. Uzito wote ulizidi tani moja kwa kidogo.

Zisome tena namba hizo za rimu na matairi, kwa maana ndizo ufunguo. Matairi membamba ya mwaka 1970 yaliteleza mapema, na kwa kuteleza kwao yaliilinda kila sehemu nyingine ya gari. Sampu ya oili, beringi za magurudumu, eksili, bodi, vyote vilibuniwa kwa gari ambalo haliwezi kushika kona kuliko matairi yale yalivyoruhusu. Siku unapofunga matairi ya kisasa ya mbio, mapana na laini, unaondoa ulinzi huo. Gari linashika. Dereva anafurahi, na muda wa mzunguko unapungua kwa sekunde nyingi kuliko injini yoyote ingeweza kuleta. Hapo ndipo matatizo yote mengine yanapozaliwa.

La kwanza ni oili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo huua injini nyingi kimyakimya. Oili ya injini kama L24 inakaa kwenye sampu chini, na pampu inaivuta kupitia mdomo mmoja wa bomba. Barabarani mdomo huo huwa umezama daima. Kwenye kona inayolisukuma gari kando kwa nguvu sawa na uzito wake wenyewe, jambo ambalo matairi mazuri ya mbio hulifikia bila taabu, uso wa oili hausimami tena sambamba na ardhi: unalala kwa nyuzi 45, oili yote ikiwa imepanda ukuta wa upande mmoja. Mdomo wa bomba unabaki hewani. Pampu inavuta hewa, na utando mwembamba wa oili unaotenganisha krankshafti na beringi zake unakatika. Injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika hupiga mizunguko zaidi ya 230 katika sekunde mbili za kona. Beringi haisubiri mizunguko yote hiyo. Inaanza kukwaruzika, na baada ya kona chache za namna ile, sauti ya kugonga inasikika kutoka chini.

Dereva mara nyingi hajui, kwani kipimo cha presha ya oili kinaanguka wakati macho yake yako kwenye njia ya kutoka kona. Dawa ya kwanza ni rahisi: kuta ndogo za bati zenye vilango vya upande mmoja zinazochomelewa ndani ya sampu ili kuizingira oili karibu na mdomo wa pampu, pamoja na sampu pana kidogo. Anayetaka zaidi hufunga chupa ya akiba yenye presha inayosukuma oili ndani ya injini pale presha inapoanguka. Dawa kamili ni sampu kavu, yaani oili kuhifadhiwa kwenye tangi la kusimama na kurudishwa huko na pampu za ziada, lakini gharama yake ni kubwa na baadhi ya madaraja ya mbio za kihistoria hayaikubali kama gari halikuwa nayo enzi zake. Ningemwambia mtu yeyote aanze na kuta za sampu na taa kubwa nyekundu ya onyo iliyowekwa mbele ya macho, kabla hajanunua hata kabureta moja. Rejeta ya oili ifuate mara moja, maana oili iliyopata moto kupita kiasi hupoteza unene wake hata kama ipo ya kutosha.

Breki ni habari ya joto peke yake. Chukua Z na dereva wake, kilo 1,100 kwa pamoja, inayofika mwisho wa njia nyoofu kwa kilomita 200 kwa saa na kupungua hadi 80 kabla ya kona. Nishati inayopaswa kuondolewa katika sekunde zile chache inazidi kidogo megajuli 1.4. Inatosha kuchemsha maji lita 4 na nusu, birika kubwa la familia, kuanzia joto la kawaida la chumba. Karibu yote inaingia kwenye breki. Kona inayofuata inarudia, na inayofuata tena, mzunguko baada ya mzunguko. Barabarani joto lile lingepata dakika kadhaa za kutoka kwenye hewa. Uwanjani halipati.

Kinachoharibika kwanza si diski. Ni mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unabanwa pale ambapo mafuta yasingebanwa. Pedeli inazama hadi sakafuni. Hii ndiyo sababu fundi wa mbio hubadilisha mafuta ya breki mara nyingi kuliko oili ya injini, na hutumia aina ya mbio inayochemka juu ya nyuzi 300. Ni marekebisho ya bei ndogo kuliko yote, na yanaokoa maisha.

Baada ya mafuta huja pedi zinazostahimili moto, kisha mabomba ya kuleta hewa kutoka mbele ya gari hadi katikati ya diski, kisha kalipa zenyewe. Hapa wamiliki wa Z waligundua jambo litakalowafurahisha mafundi wa kwetu: kalipa za pistoni nne za Toyota pikapu za 4x4, ndugu wa Hilux tunazoziona kila siku zikibeba mizigo kutoka Arusha hadi Kisumu, zinafungika kwenye suspensheni ya mbele ya 240Z kwa marekebisho machache. Kwa miaka mingi limekuwa ndilo badiliko maarufu la breki za gari hilo, na linaniambia jambo kuhusu kazi yenyewe. Kifaa kilichobuniwa kusimamisha pikapu iliyojaa mzigo kina uwezo wa kubeba joto ambao wabunifu wa gari jepesi la michezo hawakuuhitaji. Ila kalipa kubwa za mbele peke yake zinavuruga uwiano wa breki za mbele na nyuma. Usipoweka kifaa cha kurekebisha presha ya nyuma, gari litafunga magurudumu ya mbele mapema na kuteleza nje ya kona likiwa limenyooka.

Mnyororo unaendelea kwenda nyuma ya gari. Matairi yanayoshika huzuia gurudumu kuzunguka ovyo pale dereva anapokanyaga mafuta akitoka kona, kwa hiyo nguvu yote ya injini inapita kwenye eksili. Vishina vya eksili vya 240Z, vile vinavyobeba gurudumu la nyuma, vina meno 25, na katika mbio vimevunjika mara nyingi kiasi cha kuwa sifa mbaya ya gari hilo. Kishina kikivunjika gurudumu linaweza kutoka kabisa. Suluhisho lilitoka kiwandani kwenyewe: 280Z iliyofuata katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na vishina vinene zaidi vyenye meno 27, na difu ya R200 ambayo ni kubwa na ngumu kuliko R180 ya mwanzo. Mafundi huvichukua kutoka magari yaliyopata ajali au kuliwa na kutu na kuvihamishia kwenye 240Z. Anayeongeza injini kabla ya kufanya hivyo anajiandalia ajali.

Suspensheni ina mtego wake. Kila mtu anataka gari lishuke, kwa sababu gari la chini linapendeza na uzito ulioshuka hupunguza kuyumba. Kwenye suspensheni ya aina ya MacPherson, kulishusha gari kupita kiasi kunaufanya mkono wa chini uinuke kuelekea gurudumuni, na ile nukta ambayo bodi huyumba kuizunguka inaanguka kwa haraka kuliko uzito wenyewe. Matokeo yake gari lililoshushwa linaweza kuyumba zaidi ya lilivyokuwa. Usukani nao unaanza kujigeuza wenyewe gurudumu linapopanda na kushuka. Ndiyo maana huwekwa vipande vya chuma chini ya nguzo ya shokapu, kurudisha mkono kwenye mlalo wake, na ndiyo maana mirija ya shokapu hukatwa na kufupishwa ili shokapu isigonge mwisho wa safari yake. Springi huwa ngumu mara tatu au nne ya zile za kiwandani, na bushi za raba hubadilishwa kwa za plastiki ngumu au beringi za duara. Halafu mzigo uliokuwa ukimezwa na springi laini na raba unakwenda moja kwa moja kwenye bodi.

Na bodi ya Z haikuwa ngumu hata ilipokuwa mpya. Ilikuwa nyepesi, jambo lililosaidia sana katika bei na mwendo, lakini mlango mkubwa wa nyuma uliacha tundu pana pale ambapo gari la kawaida lina ukuta. Ongeza kutu ya miaka 50. Magari haya huoza chini ya betri, kwenye reli za sakafu, nyuma ya milango, na mahali ambapo mkono wa kawaida haufiki. Fundi bodi mwenye busara hugonga kila sehemu na kuchungulia ndani ya reli kabla ya kuzungumzia mbio. Kufunga springi ngumu kwenye reli iliyooza ni kuipasua.

Kizimba cha mabomba ya chuma kinamlinda dereva gari likipinduka, na hapohapo kinaunganisha nguzo za shokapu za mbele na nyuma hadi bodi nzima iwe kitu kimoja. Gari lenye kizimba kizuri hujibu marekebisho madogo ya suspensheni. Lisilo nacho hupinda na kuyameza marekebisho yote. Lakini kizimba hicho kina hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Ndani ya gari la barabarani, mtu asiyevaa helmeti, aliyefungwa mkanda wa kawaida, akigongwa kichwa chake kinaweza kukutana na bomba la chuma lililo sentimita chache kutoka sikioni. Gari likishapata kizimba kamili, kwangu mimi limeacha kuwa gari la kwenda nalo sokoni. Na kizimba kinadai jamaa zake wote: kiti cha mbio kilichofungwa sakafuni imara, mikanda ya pointi tano au sita, kizuizi cha shingo, kizima moto, na tangi la mafuta la mpira ndani ya kasha badala ya lile la bati lililo nyuma chini ya sakafu. Mtu anayefunga kizimba na kuacha tangi la kale amefanya nusu ya kazi.

Jambo jingine lililojitokeza uwanjani ni hewa. Umbo la Z linapendeza kuliko linavyopenya hewa, na kwa mwendo wa kasi pua huinuka na usukani kuwa mwepesi pale hasa dereva anapouhitaji. Peter Brock, mwenye timu ya BRE, aliyekuwa amebuni bodi ya Shelby Daytona Coupe miaka ya 1960, alilitibu kwa kipande cha kuzuia hewa chini ya bampa ya mbele na ukingo mdogo nyuma. Nissan nayo ilitoa Japani mwaka 1971 toleo la 240ZG lenye pua iliyorefushwa ili pua hiyo ikubalike mashindanoni. Vipande hivyo hadi leo ni badiliko la bei nafuu lenye faida kubwa, na havikati chuma cha gari.

Sasa injini, na nitaipita kwa haraka kuliko wengi wangependa. L24 ina nafasi kubwa ya kukua. Bloku ya L28 ya 280Z, yenye ujazo wa sentimita 2,753, inaingia mahali pake bila kukata kitu. Ukiongeza krankshafti ya injini ya dizeli ya LD28, yenye mwendo wa pistoni wa milimita 83, na kupanua silinda hadi milimita 89, unapata lita 3.1. Kabureta tatu za Weber au Mikuni, kemshafti kali zaidi, hedi ya kwanza ya E31 yenye vyumba vidogo vya kuunguzia ambayo wajenzi huitafuta sana, na distribyuta ya kielektroniki ya magari ya baadaye mahali pa platini, vyote vinajulikana na vimejaribiwa kwa miongo. Hakuna siri hapo.

Historia ya injini hii, hata hivyo, ina somo linalorudi kwenye mnyororo. BRE walipoanza kuizungusha L24 juu ya kiwango cha barabarani mwaka 1970, walikutana na mtetemo wa krankshafti uliokuwa ukiharibu klachi na flaiwili. Injini ilikuwa na nguvu za kutosha. Ilivunja vilivyofungwa nyuma yake. Haikutibika kwa spana, ikabidi Nissan ibuni krankshafti nyingine. Timu yenye uhusiano wa karibu na kiwanda iliweza kupata msaada huo. Mmiliki binafsi leo hana kiwanda cha kumtengenezea krankshafti mpya, kwa hiyo kwake mizunguko 6,500 inayodumu msimu mzima ina thamani kuliko 8,000 ya wikendi moja.

Wapo wanaoruka haya yote na kuitoa injini nzima, wakaweka V8 ya Kimarekani au silinda 6 yenye turbo kutoka Nissan ya miaka ya 1990. Gari linakuwa na kasi ya kutisha, sikatai. Lakini kila kiungo nilichokitaja kinapaswa kuanza upya kwa mzigo maradufu, uzito wa mbele unabadilika, na mlango wa mbio za kihistoria unafungwa. Sheria za FIA kwa magari ya kihistoria zinataka gari liwe katika hali iliyokuwa ikikubalika enzi zake, na pasipoti ya kiufundi huandikwa kwa kipimo hicho. Anayetaka kasi peke yake angefanya vizuri zaidi kununua gari jipya dogo la michezo, ambalo litampa muda bora wa mzunguko kwa fedha chache na usalama mwingi. Sababu ya kukimbiza Z ni kuiendesha Z, pamoja na kikomo chake.

Mnyororo wa mizigo unatupeleka kwenye uamuzi ambao kwa haki ungepaswa kuwa wa kwanza: gari lipi likatwe. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyokuwa katika hali ya asili iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Bei hiyo ni ya kipekee, lakini ilibadilisha hesabu za kila mwenye gari safi. Bodi isiyo na kutu, yenye injini iliyotoka nayo kiwandani, imekuwa chache kiasi kwamba kuichomelea kizimba ni kupoteza ushahidi usiorudi. Kalipa zinaweza kurudishwa, kabureta zinaweza kurudishwa, hata nguzo za shokapu zilizofupishwa zinaweza kubadilishwa kwa nyingine zikiwa zimehifadhiwa kwenye rafu. Tao la gurudumu lililokatwa na sakafu iliyotobolewa havirudi. Mimi nasimama upande wa wanaosema gari safi la miaka ya kwanza lisiguswe kwa kisu wala moto, na anayelipenda kwa mbio ajizuie kwenye kile kinachofungwa na kufunguliwa kwa spana.

Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulijali hili. 240Z iliyoshinda mwaka 1971 imehifadhiwa na Nissan Japani. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda tena na 240Z mwaka 1973 akiwa na Lofty Drews, kabla ya kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 katika Datsun nyingine. Tangu 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic Rally kwa magari ya zamani, na mafundi wanaoyahudumia wanajua kuimarisha bodi ya kale, kuongeza mishono ya welding mahali ambapo kiwanda kiliweka nukta chache, na kusoma nyufa mapema. Maarifa hayo yanahamia kwenye mbio za lami karibu bila kubadilika. Kinachobadilika ni springi, urefu kutoka ardhini, na adui, ambaye kwa Safari ni pigo la shimo na kwa lami ni mzigo usioisha wa kona ndefu.

Kwa hiyo nikiulizwa nianzie wapi, sianzi na 240Z. Natafuta 280Z ya kati ya 1975 na 1978. Bampa zake nzito za sheria za Marekani, zilizoifanya idharauliwe kwa miaka, hufunguliwa kwa bolti na kuachwa gereji. Chini yake kuna reli nene kuliko za 240Z, eksili yenye vishina vya meno 27, difu ya R200 katika nyingi zenye gia za mkono, na injini ya L28 ikiwa tayari mahali pake. Kiwanda kilikuwa kimeshaufuata mnyororo huohuo na kuimarisha viungo vile ambavyo mbio zilikuwa zimevifichua. Fedha zinazobaki zinakwenda kwenye kuta za sampu, mafuta ya breki, pedi, kiti na mikanda, kisha siku kadhaa za uwanjani na kipimo cha joto cha kusoma tairi ndani, katikati na nje ili kujua springi na mlalo wa gurudumu vimekaa sawa. Injini inaachwa ilivyo msimu mzima. Kama daraja la mbio linalolengwa halikubali gari lililotoka baada ya 1973, inabaki kutafuta 240Z ambayo tayari mtu mwingine aliikata zamani, yenye mashimo ya kizimba cha kale na tao zilizopanuliwa, na kuanza kwa kuzikagua reli zake kwa nyundo na tochi.